Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumbukumbu za waliompinga mkoloni, Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa

Oktoba, mwezi wa Sikukuu ya Mashujaa, ikikaribia, simu yangu haitulii. Mwalimu wa historia anataka kuleta kidato cha tatu, Mkenya anayeishi ng'ambo anakuja likizo na watoto, mwanafunzi wa chuo anatafuta mada. Wote huuliza yaleyale: tuanzie wapi, kuna nini cha kuona, na ile hadithi aliyotusimulia nyanya ni kweli au ni ya kuwalaza watoto? Naishi Kisumu, na wikendi nyingi huwatembeza watu mahali ninapopataja hapa. Nimechoka kuandika majibu yaleyale kwenye WhatsApp, kwa hiyo nimeyaweka pamoja.

Kisumu mjini kuna mnara wa mashujaa waliopigana na Mwingereza?

Watu wengi huniuliza hivi wakiwa wamesimama chini ya mnara wa saa, kwenye barabara ya Oginga Odinga, simu tayari mkononi. Mnara ule haumhusu shujaa yeyote wa vita. Ulizinduliwa mwaka 1938 kumkumbuka Kassim Lakha, mfanyabiashara wa jamii ya Kihindi, na aliyeuzindua ni gavana wa kikoloni. Hata hivyo napenda kuanzia hapo. Aliyekuwa na uwezo wa kununua mawe na kupata ruhusa ndiye aliyekumbukwa kwa mawe. Wengine walikumbukwa kwa wimbo, kwa jina la mtoto, kwa kilima.

Lakini tazama jina la barabara yenyewe. Jaramogi Oginga Odinga ndiye aliyesimama katika baraza la kutunga sheria mwaka 1958 akamtaja Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, kuwa kiongozi halisi wa watu, wakati ambapo hata baadhi ya wenzake Waafrika walitamani ardhi ipasuke wajifiche. Kaburi lake na jumba la makumbusho viko Kang'o ka Jaramogi, Bondo, na ukiwa na nusu siku ya ziada nenda.

Kwa nini kila hadithi hapa inarudi kwenye reli?

Kwa sababu reli ilipita katikati ya nchi ya watu bila kupiga hodi. Ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo, Desemba 1901. Wanandi husimulia kwamba Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot wao, yaani kiongozi wa kiroho, alitabiri ujio wa nyoka wa chuma mwenye kutema moshi na moto. Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, baada ya misiba waliyomlaumu kwayo. Mwanawe Koitalel ndiye aliyekuja kukabiliana na nyoka yule. Nyaya za simu ziligeuzwa mapambo ya shingo na mikono, na vyuma vya reli vikafuliwa kuwa silaha. Vitabu vya Waingereza viliuita huo wizi.

Koitalel arap Samoei aliuawaje hasa?

Hili ndilo swali linalonichukua muda mrefu kuliko yote, na sijutii.

Upinzani wa Wanandi ulidumu takriban miaka kumi, 1895 hadi 1905, na Waingereza walituma misafara ya kivita mmoja baada ya mwingine bila kuumaliza. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani karibu na Nandi Hills. Makubaliano yalikuwa kwamba kila upande uje na watu wachache. Afisa wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, Richard Meinertzhagen, alikuja na wachache mbele ya macho, na askari wengine tele wakiwa wamejificha na bombomu lao, yaani bunduki la rashasha. Wanandi wanasimulia kwamba Koitalel alikuja akiwa ameshika majani mkononi, ishara ya amani ambayo kila mtu wa eneo hili angeielewa. Alipigwa risasi, na waliofuatana naye wakauawa pia.

Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyekuwa amewekewa mtego. Mabaraza matatu ya uchunguzi ya kijeshi yalimsafisha, kisha mwaka 1906 akaondolewa nchini. Ndipo mtu huuliza: tumwamini nani? Mimi hujibu kwa kumweleza jambo lililotokea miaka mingi baadaye. Meinertzhagen alisifika duniani kama mtaalamu wa ndege. Alipokwisha kufa, wataalamu walichunguza ndege waliokaushwa aliowakabidhi makumbusho ya Uingereza, wakagundua kwamba baadhi aliwaiba katika mikusanyo mingine akawabandika vibandiko vyenye mahali na tarehe za uongo. Mtu aliyedanganya kuhusu ndege mdogo asiyeweza kumshtaki, mimi siwezi kulichukua neno lake kuhusu binadamu aliyemuua na kuliweka juu ya neno la wazee wa Nandi.

Linganisha tarehe. Koitalel aliuawa tarehe 19 Oktoba. Sikukuu ya Mashujaa ni tarehe 20, kwa sababu ya Kenyatta na wenzake waliokamatwa mwaka 1952, na hadi katiba ya 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta. Siku moja tu inazitenganisha, na ni miaka 47. Kuna wazee wa Nandi ambao kwao sikukuu huanza jana yake.

Ni kweli kichwa chake kilipelekwa Uingereza?

Ndivyo wanavyoshikilia Wanandi, na ndiyo sababu ukifika Nandi Hills kwenye makumbusho ya Koitalel utasikia watu wakizungumza juu ya kaburi kana kwamba halijafungwa. Kuna mti ambao wenyeji husema uko pale alipozikwa. Kilichorudi ni fimbo zake tatu za uongozi. Zilikuwa kwa familia ya Meinertzhagen, na mwanawe alizirejesha mwaka 2006, miaka 101 baadaye. Niliwahi kumwona mzee akisimama mbele ya kabati la kioo muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwenyewe?"

Wakisii nao wana dai linalofanana na hilo kuhusu Otenyo, nitamfikia. Mabaki ya mtu si kitu cha maonyesho. Katika jamii hizi, mtu asiyezikwa sawasawa huendelea kudai, na anaowadai ni walio hai.

Baada ya kumuua Koitalel, mambo yalikwisha?

La. Waliandamwa watu wa ukoo mzima. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923, mkesha wa saget ab eito, sherehe kubwa ambapo uongozi hukabidhiwa rika jipya. Serikali iliogopa kwamba ni mkutano wa kupanga vita, ikaipiga marufuku. Barsirian hakuachiwa hadi 1964. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 40, na Kenya ilikuwa tayari imepata uhuru. Alikufa 1974. Ukimuuliza mtoto wa shule leo ni nani aliyefungwa muda mrefu zaidi kwa sababu za kisiasa katika ukoloni Kenya, atakutajia majina mengine yote kabla ya hili.

Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Talai wa upande wa Kericho, ukoo wa ma-Orkoiyot. Takriban watu 700 walitupwa Gwassi, pembeni mwa ziwa, Homa Bay ya leo, nchi yenye mbung'o na malaria, mbali na mashamba ya chai yaliyokuwa yakipanuka kwenye ardhi yao. Waliruhusiwa kurudi mwanzoni mwa miaka ya 60, wakakuta hawana pa kurudi. Wazao wao walifika Umoja wa Mataifa, na Agosti 2022 wakapeleka kesi kwenye mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya. Ukipita barabara ya Kericho ukaona chai ilivyokatwa sawasawa mithili ya zulia, ujue hiyo nayo ni kumbukumbu.

Chetambe kuna nini cha kuona? Tulifika tukaona kichaka tu.

Mlifika mkitafuta ukuta wa mawe kama Fort Jesus. Chetambe ni boma la udongo na handaki, juu ya kilima kinachoitazama Webuye, kile kiwanda cha karatasi chini yake, na Nzoia ikipita upande wa maporomoko ya Nabuyole. Tafuta mwenyeji akuonyeshe mstari wa handaki. Ukishauona mara moja, hutaweza kutouona tena.

Mwaka 1895, Charles Hobley alikuwa akisimamia eneo hili kwa niaba ya Waingereza, makao yakiwa Mumias. Alidai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kidogo alichokituma kiliuawa. Kisha likaja jeshi la Wasudani na wapiganaji wa jamii zilizoshirikiana na Waingereza. Boma la Lumboka lilianguka kwanza, halafu watu wakakimbilia Chetambe na kujifungia ndani. Boma la udongo lilikuwa kinga nzuri dhidi ya mkuki na mshale. Bombomu lilikuwa jambo lingine.

Sasa sikia sehemu ninayoipenda. Septemba 1947, miaka 52 baadaye, Elijah Masinde aliwakusanya maelfu ya wafuasi wake akawapandisha kilimani pale kuwaombolezea waliokufa. Hakukuwa na idara ya makumbusho iliyopanga, wala bajeti ya kaunti, wala hema la wageni mashuhuri. Watu walikwenda wenyewe kwa miguu, mkoloni akiwa bado madarakani, wakafanya ibada ya wafu mahali walipouawa. Utawala ulitishika zaidi na msiba ule kuliko ambavyo ungetishwa na hotuba. Mtu akiniuliza mnara wa kwanza wa upinzani magharibi mwa Kenya ni upi, namtajia siku ile.

Boma lile ni la Wabukusu au la Watachoni?

Swali hili liulize ukiwa umeshakula, maana mjadala huwa mrefu. Watachoni hushikilia kwamba Chetambe alikuwa mtu wao na vita ni vyao. Wabukusu huvihesabu ndani ya vita vya Lumboka na Chetambe. Mimi huwaambia wanafunzi waandike madai yote mawili. Watu hawagombanii mahali pasipo na thamani.

Masinde alikuwa shujaa au mwendawazimu?

Wakoloni walimpeleka Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko toka 1945 hadi 1947. Wewe amua ni nani aliyehitaji daktari. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji mpira hodari, aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Dini ya Msambwa aliyoiongoza iliwaambia watu warudi kwa mizimu yao na wazungu warudi kwao. Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu na kuzuiliwa huko zaidi ya miaka kumi.

Tatizo la kumjengea sanamu Masinde ni kwamba hakuacha kusumbua. Serikali huru nayo iliipiga Dini ya Msambwa marufuku mwaka 1968, na yeye akaingia jela tena na tena. Alifariki 1987, akazikwa kwao Maeni, Kimilili. Shujaa aliyefungwa na mkoloni peke yake ni rahisi kumtia kwenye hotuba. Huyu aliyefungwa na pande zote mbili, mshereheshaji hupunguza sauti akimfikia.

Na Kisii? Nasikia kulikuwa na mwanamke.

Moraa wa Ngiti, nabii na mganga, ndiye aliyewachochea vijana wa Kitutu. Januari 1908, Otenyo alimvizia mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote, akamchoma mkuki mgongoni. Wakisii walimwita Northcote Nyarigoti. Hakufa, miaka mingi baadaye alikuwa gavana wa Hong Kong. Msafara wa adhabu uliofuata ulichoma nyumba, ukachukua ng'ombe na kuua watu wengi sana kwa ajili ya jeraha moja la mgongo. Otenyo aliuawa, na kama nilivyosema, jamii yake inadai kichwa chake kilichukuliwa.

Na mji wenyewe? Wenyeji huuita Bosongo, mahali pa wazungu. Kila kondakta wa matatu anayeita "Bosongo! Bosongo!" anasimulia historia bila kujua, na hatozi nauli ya ziada.

Wajaluo hawakupigana, sivyo? Walisalimu amri tu.

Swali hili huulizwa na Wajaluo wenyewe zaidi ya watu wengine. Kager wa Ugenya walipigana na Waingereza mwaka 1896, na mwaka 1899 misafara ilipelekwa Seme, Sakwa na Uyoma. Baadaye, mwaka 1913, ikaja ibada ya Mumbo: Onyango Dunde wa Alego alisema nyoka mkubwa wa ziwa amemmeza na kumtapika akiwa na ujumbe kwamba wazungu wataondoka. Iliwavutia Wakisii wengi pia, na serikali ikawakamata na kuwahamisha viongozi wake.

Halafu kulikuwa na vita vya kalamu. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, wakiongozwa na waliosoma shule za misheni kama Jonathan Okwiri. Malalamiko yalikuwa kipande, kodi, kazi ya lazima, na nchi kugeuzwa koloni. Chama walichokiunda watu walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Jina hilo laweza kutosha kuwa mnara. Gavana mwenyewe alilazimika kuja kuwasikiliza Nyahera, hapa juu ya Kisumu, Julai 1922.

Na ukipanda boti upande wa Usigu, uliza kisiwa cha Mageta. Wakati wa hali ya hatari kilikuwa kambi ya kizuizini ya watu wa Mau Mau, waliosafirishwa kutoka mbali kuja kutazama ziwa wasiloruhusiwa kulivuka. Wavuvi wa leo huanika omena pale.

Tuko Nakuru. Tuende wapi?

Olenguruone kwanza, ingawa ni safari ya milimani. Miaka ya 40 maskwota wa Kikuyu waliohamishiwa huko waliambiwa kwamba ardhi si yao na kwamba watalima kwa amri. Wakala kiapo cha umoja, wanaume, wanawake na watoto, kabla ya neno Mau Mau kuwatisha wazungu. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Pili, Naivasha: tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walivamia kituo cha polisi, wakachukua bunduki na kuwafungulia wafungwa.

Mjini kwenyewe, uliza wazee kuhusu Achieng Oneko, mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria, Kenyatta akiwamo. Alifutiwa hatia kwenye rufaa, lakini serikali ikaendelea kumzuilia. Mwaka 1963, yeye Mjaluo wa Nyanza, alichaguliwa mbunge wa Nakuru mjini. Kwenye baraza za wazee wa Nakuru nimeona jina hilo likizima ubishi wa kikabila ndani ya dakika moja.

Wengine huniuliza kuhusu kubomoa sanamu za wakoloni. Nakuru ina jibu lake. Sanamu ya Lord Delamere ilikuwa katikati ya Nairobi, kwenye barabara iliyobeba jina lake. Uhuru ulipokuja haikuvunjwa. Ilihamishiwa shamba la familia, Soysambu, karibu na Elmenteita. Yuko huko sasa, hakuna anayepita na gari akamwona. Nadhani ni adhabu ya kutosha.

Kwa nini Nabongo Mumia ana kituo cha utamaduni ilhali alikuwa upande wa Waingereza?

Kwa sababu alikuwa mfalme wa Wanga, na ufalme ulikuwapo kabla ya Waingereza. Ni kweli aliwapa makao, na wapiganaji wake walikwenda kuwapiga majirani. Nendeni Matungu mkajionee, halafu mpande Chetambe siku hiyohiyo. Na kumbukeni kwamba walioshika bunduki hapa, Chetambe na Nandi, wengi wao walikuwa Waafrika. Wajukuu wao nao wanaadhimisha Mashujaa.

Uingereza imelipa?

Kwa Mau Mau, ndiyo, kwa kiasi: mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228, na kugharimia mnara uliofunguliwa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 2015. Mfalme Charles alipokuja 2023 alionyesha majuto lakini hakuomba msamaha rasmi. Kwa Nandi, Talai, Bukusu na Kisii, daftari liko wazi.

Tukifika tujiendeshe vipi?

Msalimie mzee wa hapo kabla ya kutoa simu. Usipande juu ya kaburi wala boma ili kupiga picha. Mahali pengine ni pa ibada hadi leo. Ukiambiwa usivuke, usivuke. Ada za makumbusho ya taifa, kama ya Kisumu na Kapenguria, hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo jaza salio kabla, mtandao husumbua mlimani.

Babu yangu alikuwa mzuiliwa, na bado yuko hai. Nifanye nini?

Usingoje Oktoba. Kaa naye asubuhi, akiwa bado na nguvu, umrekodi kwa simu katika lugha yake mwenyewe. Muulize majina: ya kambi, ya mkubwa wa kambi, ya aliyelala naye chumba kimoja, ya mto waliochota maji. Tarehe atazisahau, majina hatayasahau. Kama ana kipande chake cha zamani au barua, vipige picha pande zote mbili, andika nyuma ya bahasha ni vya nani, na usivilaminishe. Na akianza kuimba, usimkatize kwa swali. Acha simu iendelee kurekodi hadi amalize, hata kama betri imebaki asilimia tano.